Jumapili Ambayo Hakuna Aliyesali

Hakuna mtu wa mlimani anayeweza kunidanganya uso kwa uso. Sisemi kwa kujisifu, nasema kama mtu anavyotaja urefu wake. Nimeshakaa na wauza pikipiki wa Himo, nimeshakaa na madalali wa Kiboriloni, na kuna mzee mmoja wa Shirimatunda aliniapia kwa kaburi la mama yake huku mama yake akituchemshia chai chumba cha pili. Wote niliwabaini kabla kikombe hakijapoa.

Basi Jumatano asubuhi nikakaa sebuleni kwa Mama Elinipendo, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maziwa cha Lyakombe, nikamwuliza kama Jumapili iliyopita alikwenda kusali. Akasema hapana mwanangu, malaria ilimlaza. Alinitazama machoni, akakohoa kidogo, akaniongezea maziwa kwenye chai. Nikampa pole. Nikatoka nimeridhika.

Nyumba ya pili, malaria. Nyumba ya tatu, malaria. Nyumba ya nne mama alitaka kusema malaria, akaona haya, akasema tumbo. Nilipofika nyumba ya tano ndipo nilipotazama kule nilikotoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, mimi nimevaa jaketi na ndani yake sweta, na pumzi yangu inatoka moshi. Lyakombe iko juu kiasi kwamba mbu akitaka kupanda huko lazima kwanza apite mtumbani Himo kununua koti. Malaria gani.

Mtu wa malaria wa kwanza alikuwa amenidanganya, na chai yake nilikuwa nimeimaliza.

Ngoja nieleze kilichonipandisha mlimani. Kampuni inayonilipa iko Moshi mjini, inakodisha matangi ya kupoozea maziwa kwa vikundi vya wafugaji. Kabla ya tangi, gari la mnunuzi lilipita Lyakombe asubuhi tu, kwa hiyo maziwa ya jioni yalikuwa ya watoto, ya paka, na yaliyobaki yakaganda. Tangi lilipofika, maziwa ya jioni yakawa yanalala kwenye baridi na kuondoka asubuhi pamoja na ya asubuhi. Kwa kina mama wale, tangi ndilo lililofanya ng'ombe mmoja awe kama wawili.

Jumatatu umeme ulikatika tangu asubuhi hadi jioni. Mafundi walikuwa wanabadilisha nguzo, barabara ikazibwa, na gari la mnunuzi halikupita. Tangi likapata joto, maziwa ya kikundi kizima yakachacha, yakamwagwa kwenye mtaro wa nyuma.

Sasa mkataba. Kipengele cha kumi na nne kinazungumzia huduma zinazokatika: umeme, maji, barabara. Kinasema hivi, nikikutolea maneno ya wanasheria: kama huduma imekatika ghafla, bila taarifa, hakuna wa kulaumiwa, na tangi linabaki. Lakini kama kikundi kilijulishwa mapema, kilipaswa kupiga simu kampuni ilete jenereta. Kisipopiga, huo ni uzembe, na tangi linarudi mjini. Jumapili hakuna aliyepiga simu. Bosi wangu, Bwana Sylvanus, alikuwa ameshapanga lori la Ijumaa. Aliniambia hivi kwa upole wa mtu anayeagiza chipsi: "Jesse, niletee jibu moja tu. Walijua au hawakujua."

Mimi napewa swali, naleta jibu. Sina ng'ombe.

Kabla ya nyumba zile nilianzia kwa mafundi wa nguzo. Msimamizi wao niliyemkuta kando ya barabara hakuwa na maneno mengi. Alisema walitoa taarifa kama kawaida: walimpelekea neno mwinjilisti wa usharika wa Kilutheri, atangaze ibada ya Jumapili, maana upande ule wa kijiji karibu wote husali pale. Nikamwuliza kuhusu Wakatoliki. Akasema parokia iko mtaa wa ng'ambo ya korongo, kule transfoma ni nyingine, hawakukatiwa, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kuwatangazia.

Kwa hiyo taarifa ilitolewa. Kilichobaki ni masikio.

Nilipotoka nyumba ya tano, mwinjilisti Aminieli nilimkuta akifagia ngazi za kanisa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuegemea fagio. Nikamwuliza kama alisoma tangazo la umeme. Alifikiri muda mrefu, kisha akanieleza kwamba yeye husoma kila anachowekewa mbele yake: ndoa, misiba, kuchimba mfereji, vikao vya wazazi. Akishasoma, anayatoa kichwani, maana akiyabeba yote ya Lyakombe atakufa mapema. Nikamwuliza kama anakumbuka waliokuwepo ibadani. Akasema Bwana ndiye anayewafahamu walio wake.

"Na kwaya ya kina mama, iliimba?"

"Iliimba vizuri sana," akasema, kisha akagundua alichosema, akaendelea kufagia ngazi ambayo alikuwa ameshaifagia.

Hapo nikajua ukubwa wa kitu. Kina mama wa Kilutheri, wanaovaa vitambaa vyeupe kichwani, ambao mtu akikosa Jumapili mbili wanamtembelea nyumbani na sukari kumwuliza kulikoni, walikuwa wamekubaliana wote kuapa kwamba Jumapili moja waliacha kusali. Kwaya iliimba bila waimbaji. Sikucheka. Mvua ilikuwa inanyesha ile isiyo na nguvu ya kunyesha wala nia ya kuacha, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Mtu anayelinda kitu kwa pamoja na wenzake huwezi kumvunja kwa kumwuliza kile kitu. Unamwuliza kingine ambacho ni chake peke yake. Ndiyo maana kwa Mama Winfrida sikuuliza habari za ibada. Nilisimama uani kwake nikitazama jogoo aliyefungwa mguu kwenye mti wa parachichi, mwekundu, kifua mbele kama mgombea udiwani.

"Jogoo mzuri mama. Wa Himo huyu?"

Uso wa Mama Winfrida ukabadilika. Alisema Himo wanauza kuku wa kujaza maji. Huyu ni wa mnada wa kanisani. Eliaichi alimtaka, akapandisha bei, yeye akapandisha, Eliaichi akapandisha tena huku anatazama watu, mpaka mwishowe akakaa chini na kanga yake.

"Mnada wa lini huo mama?"

"Si huu wa Jumapili—"

Akanyamaza. Jogoo hakunyamaza.

Kwa asiyejua: kwenye sharika za mlimani watu hutoa sadaka ya mazao, kuku, mkungu wa ndizi, mayai, na vinapigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Na mnada haufunguliwi kabla matangazo hayajaisha, kwa sababu ukifunguliwa mapema, Aminieli atawatangazia viti. Aliyenunua jogoo alisikia matangazo.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mama Eliaichi, aliyekuwa na tumbo. Nikamwambia nimesikia alishindwa jogoo kirahisi. Tumbo likapona pale pale. Alisema Winfrida hakumshinda, yeye alimwachia, kwa sababu alishamwona jogoo yule ana kucha za uzee. Na mkungu wa ndizi, nikauliza, ulichukuliwa na nani? Na Elinipendo, akasema, kama kila Jumapili, mwenyekiti hapendi kurudi nyumbani mikono mitupu. Mchana ule nilipita nyumba zote tena na sikutaja umeme hata mara moja. Nilisifu mayai. Nilisifu magimbi. Kila aliyekuwa na malaria asubuhi, jioni alikuwa amenunua kitu au amenyimwa kitu.

Nikampigia Bwana Sylvanus nikiwa nimesimama penye mtandao, juu ya jiwe, kama mchunga mbuzi. Nikampa majina. Alinisikiliza, akasema kazi nzuri, kisha akasema haitoshi. Mwanasheria amesoma kipengele upya. Hakisemi kijiji kijulishwe, wala hakisemi mwanachama. Kinasema msimamizi wa tangi, yule aliyetajwa kwa jina kwenye mkataba. Lazima ithibitike kwamba neno lilimfikia yeye. Nimhoji nikiwa narekodi, mwanzo hadi mwisho, bila kukata, kwa sababu mwanasheria hataki kitu kilichokatwa.

Msimamizi wa tangi ni Dominika. Na Dominika ni Mkatoliki.

Walimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Kila Jumapili yeye huvuka korongo kwenda misa ya kwanza, anarudi wenzake ndipo wanaingia ibadani, na tangi halikosi mtu. Mpango mzuri kabisa. Kasoro yake ni moja: mtu pekee anayepaswa kuyasikia matangazo ya Walutheri ndiye mtu pekee asiyekuwepo yakisomwa.

Usiku huo nililala gesti pale Himo, na kesho yake, Alhamisi, nikashinda siku nzima nikimsubiri, kwa kuwa alikuwa amekwenda kumwona binti yake, Evelyn, anayesomea uuguzi mjini. Nilimkosa mchana, nilimkosa alasiri, nikateremka Himo tena. Ijumaa alfajiri nilikuwa kwake. Lori lilikuwa njiani.

Nilipita kwanza chumba cha tangi. Lilikuwa limeoshwa, kifuniko kimeachwa wazi likauke, linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa bado imekaa kwenye kuta. Nilisimama humo kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kusema mzaha fulani, sikumbuki upi.

Dominika alikuwa bandani, akikatakata shina la mgomba kwa panga kumpa ng'ombe. Mama wa makamo, mrefu, rozari shingoni, viatu vya mvua vya mtu mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa kwenye ndoo hiyo. Ipindue kwanza."

Nikaipindua, nikakaa. Nikamwonyesha simu, nikamweleza kwamba narekodi na kwamba sitaikata mpaka tumalize. Akasema sawa. Niliiweka juu ya ukuta mfupi wa banda, kati yetu.

Akaniambia mengi bila kuulizwa mara mbili. Jumatatu alfajiri kina mama walileta maziwa, akapima, akamimina, umeme ukiwepo. Jua lilipotoka umeme ukaondoka. Alidhani ni ule wa kuondoka na kurudi. Hakufungua kifuniko, kwa sababu tangi likifungwa linashika baridi kwa muda. Mchana alipoona haurudi ndipo alipoipigia kampuni, akaambiwa jenereta imeshakwenda kwa kikundi kingine kilichopiga simu jana yake. Aliyasema haya kama mtu anayesoma majina ya vituo vya basi. Panga halikubadili mwendo.

"Jumapili kuna mtu alikuambia umeme utakatika?"

"Hapana."

"Hata mmoja? Wote wale walisikia kanisani."

"Najua walisikia."

"Walikuambia?"

"Nimeshakujibu, baba."

Nikamwuliza kama anajua tangi likiondoka itakuwaje. Akasema anajua. Evelyn atarudi nyumbani, kwa sababu maziwa ya jioni ndiyo yanayomweka chuoni. Jana alimwambia hivyo, Evelyn akasema haya mama, wakala chipsi, akarudi. Kisha akaniomba nimsomee hicho kipengele, kwa kuwa wenzake wanakizungumza kila mtu kivyake.

Nikamsomea. Nilipofika kwenye maneno "msimamizi wa tangi" aliinua panga na hakulishusha.

"Ni mimi peke yangu?"

"Ni wewe peke yako."

"Na hao wengine wakisikia?"

"Wao si kitu. Kwenye mkataba."

"Kwa hiyo wamejisingizia ugonjwa bure."

Sikuwa nimewaeleza, kwa sababu hawakuniuliza, na kwa sababu mtu akiogopa kitu kisichohusika anakuonyesha kinachohusika. Hiyo ni mbinu. Iko nyingine, ya zamani zaidi, na wakati ule ilikuwa ndiyo iliyobaki. Huko chini nilisikia lori likibadilisha gia kwenye kona ya shule.

Nikashusha sauti. Nikamwambia mama, mimi nakuheshimu, ndiyo maana sitaki uendelee kujifunga. Mwenzako ameshasema.

"Nani?"

"Mama Elinipendo. Jana jioni nilikuwa kwake. Amelia sana. Amesema Jumapili, akitoka kanisani na mkungu wake wa ndizi, alipita hapa kwako akakuambia kabisa kwamba kesho umeme haupo. Ukamwambia utapiga simu. Hukupiga."

Akatupa vipande vya mgomba kwenye hori. Ng'ombe akaanza kutafuna.

"Jana jioni," akasema.

"Jioni. Tulikaa sebuleni kwake, kwenye makochi yale yenye vitambaa. Akanipa chai."

"Alikuwa amevaa nini?"

Ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimeshaingia, na kazi hii inakufundisha kwamba anayesita ndiye anayeshikwa.

"Sweta la kijani," nikasema. "Na kitenge."

Dominika akalifuta panga kwa jani la mgomba, upande mmoja, kisha wa pili. Hakuonekana kukasirika. Hakuonekana chochote.

"Elinipendo," akaita bila kupaza sauti. "Toka, mgeni anakutaja."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama Elinipendo akatoka ameshika bakuli la mtori, supu ya ndizi, kwa mikono miwili, macho yamevimba, amejifunga shuka la kulalia mabegani. Akasimama penye matone ya paa.

Nilisema shikamoo. Sijui kwa nini. Akaitikia, kwa mazoea.

Dominika akaeleza, na alikuwa anaielezea simu kuliko mimi. Elinipendo alikuja jana jioni, mimi nimeshateremka, akamsubiri mlangoni mpaka aliporudi kutoka mjini, akiwa na chupa ya mtori. Aliomba msamaha. Alisema Jumapili ile kila mmoja alipotoka kanisani alijua kwamba mwenzake atapita kumwambia Dominika, yeye akiamini Winfrida atapita, Winfrida akiamini mwenyekiti atapita, na asubuhi walipoleta maziwa kila mmoja alidhani simu imeshapigwa, hata wakaona si adabu kumwuliza mtu kama amefanya kazi yake. Walikaa hapa mpaka usiku, wakalala hapa.

"Ni kweli hivyo?" nikamwuliza Mama Elinipendo. Sauti yangu ilikuwa bado ya mhoji. Ilikuwa haijapata habari.

"Ni kweli, mwanangu. Nilisali. Nilisikia tangazo lote. Sikumwambia, na hakuna aliyemwambia." Akatazama bakuli. "Na sina sweta la kijani."

Lori likasimama barabarani. Dereva akapiga honi, akashuka, akauliza kwa sauti tangi liko wapi. Niliinuka, nikanyoosha mkono kuichukua simu pale ukutani, na Dominika akaweka kiganja chake juu ya ukuta, kando yake tu, bila kuigusa.

"Ulisema haikatwi."

"Ndiyo mama."

"Basi isikatwe. Iende hivyo hivyo kwa bosi wako, na kwa mwanasheria, na hayo yako yakiwa ndani. Mimi nimeulizwa maswali yote nikajibu. Mwenzangu ameulizwa, amejibu. Bado mmoja."

Dereva alikuwa amefika penye uzio, kofia mkononi, anatutazama. Ng'ombe alikuwa anatafuna. Nikasikia sekunde zinavyoandikwa kwenye ile simu.

"Sogea karibu nayo," Dominika akasema, "useme polepole isikie vizuri. Jana jioni ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani?"

Mama Elinipendo akanisogezea ndoo kwa mguu, kama mtu anavyomsogezea mgeni kiti.

Nikasogea. "Nilikuwa gesti, Himo," nikaiambia simu. "Naangalia mpira. Nilikuwa peke yangu."